Mafuta Siku ya Kipimo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi wa hospitali alianza kunibandika waya kichwani, na ule wa kwanza ukateleza. Nimeyakumbuka hayo leo nilipofungua kopo la mafuta ya nazi.

Shule ilikuwa imekataa kunipokea hadi mama alete karatasi ya kueleza kwa nini situlii darasani. Mashine ya waya zile ilichora mawimbi ya ubongo. Tuliagizwa nywele ziwe safi, bila kupakwa kitu. Mama alizifumua, akaziosha kwa sabuni ya kipande. Kisha, tukiwa tayari mlangoni kwetu mtaani Kianda, akanipaka mafuta hadi yakanitiririka shingoni.

"Mama, si uliambiwa usipake?" fundi aliuliza.

"Sasa nimtoe kwa nyumba na nywele kavu, watu waseme hana mama?"

Fundi alicheka kidogo. "Haya, muoshe tena. Urudi naye baada ya kura."

Baada ya kura ghasia zilizuka, nyumba zikachomwa, Kianda ikawa moshi. Tulikimbilia kwa mama mdogo, mtaa wa Kawangware 46, na huko pia milango ilifungwa mchana kutwa kwa kuogopa wavamizi. Nilizunguka chumba kile ukuta hadi ukuta. "Keti, wewe! Watatusikia," mama mdogo alininong'oneza. Mama alitoa pesa za kipimo kidogo kidogo, leo unga, kesho maji, bila kunitazama.

Shule zilipofunguliwa, nilimuuliza tunarudi lini kwa mashine. Alinionyesha pesa za kipimo zilizobaki: shilingi arobaini.