Samaki Waliolala Kwenye Tope la Ganda

Saa mbili asubuhi, Mahira Shukri amechuchumaa mbele ya beseni la bluu uani kwa Ziro Kaingu, huko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Ndani ya beseni kuna tope kavu ambalo amelimwagia maji ya mvua sasa hivi. Kompyuta yake ameiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Hatulii hata kidogo. Anasimama, anainama, anachungulia tena.

Ana haki ya kuhangaika. Tope hilo limetoka kwenye dimbwi lililo nyuma ya nyumba, ambalo hujaa masika na kukauka kiangazi. Ziro anataka kulifukia ajenge vyumba vya kupangisha, na lori la kifusi liko njiani. Mahira anashikilia kwamba tope limejaa mayai ya samaki yaliyo hai. Yakianguliwa leo, Ziro ameahidi kuliacha dimbwi. Yasipoanguliwa, kifusi kinamwagwa.

"Samaki gani? Mle hupita mbuzi," anasema Ziro, huku akicheka.

Mahira, 31, mzaliwa wa Shela mjini Malindi, anafanya kazi katika maabara moja ya Kilifi. Anatumia hesabu na kompyuta kuchunguza jinsi kiinitete kinavyokua ndani ya yai. Ukidhani hiyo ni kazi ya kusinzilia, muulize, kisha uisahau chai yako.

"Samaki hawa wadogo hutaga topeni, maji yakikauka wao hufa," anaeleza, mikono ikienda mbio kuliko maneno. "Lakini yai labaki. Kiinitete chakua, moyo waanza kupiga, halafu chasimama. Chalala tu. Mimi naiuliza kompyuta, je, kitaamka lini?"

Kompyuta humjibu kwa milinganyo: joto kiasi hiki, unyevu kiasi hiki, kiinitete kitafika hatua fulani siku fulani. Mwezi uliopita jibu lilimtia aibu. Aliloweka tope mbele ya wenzake wote maabarani, akangoja, wala hakikutoka kitu. Mwenzake, Marvin, alimshauri alitupe.

Hakulitupa. Alipoyatazama mayai kwa hadubini, aliona mioyo ingali inapiga, polepole mno. Ndipo akagundua kosa. Alikuwa ameilisha kompyuta joto la kituo cha hali ya hewa, ambalo hupimwa kivulini.

"Samaki alala juani, mimi nampigia hesabu ya kivulini," anasema, akijicheka mwenyewe.

Akaja Ganda, akachomeka kipimajoto ndani ya tope lenyewe na kukiacha wiki mbili. Alipoingiza joto hilo, tarehe ikabadilika. Kompyuta ikasema ni wiki hii, na watakaoamka ni kama thuluthi tu.

Sasa lori linasikika likikata kona. Mahira anazidi kuinamia beseni. Ziro anatazama barabarani, kisha anatazama beseni, na ni yeye anayekiona kwanza: kitu chembamba kama uzi, chenye macho mawili, kinachezacheza majini. Kikafuatwa na kingine. Halafu vikawa vingi.

"Mzee Ziro, waona?" Mahira anauliza, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

Ziro anachuchumaa kando yake. "Ndio wote hawa?"

"La, Mzee. Wengi wangali dimbwini, wamelala. Wangoja mvua nyingine."

 Ziro anainuka na kumfuata dereva, ambaye keshaanza kufungua mlango wa nyuma wa lori.

"Rudi na hicho kifusi," anamwambia. "Mle mna viumbe wamelala. Siwezi kuwafukia."

Mahira anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, bila kuona haya. Anapanga kupima madimbwi mengine hadi Mariakani kabla hayajafukiwa. Lakini kwanza anazisubiri mvua za vuli.

"Mama yangu mpaka leo huniuliza nafanya kazi gani, nami nashindwa kumueleza," anasema. "Mvua zikinyesha nitamleta hapa, aone wakiamka."