Udongo Mwekundu wa Marafa

Muuza udongo wa kula hapa sokoni Kilifi ameurashia maji, na harufu yake imenirudisha kwenye magenge mekundu ya Marafa, siku tuliyokwenda kumsalimu shangazi.

Nilishika leso ya mama tukiteremka. Alikuwa mja mzito, miguu imemvimba, na kuta zilitoa joto kama tanuri. Chini kabisa akabandua kipande cha ukuta kwa ukucha, akakinusa amefumba macho.

"Mama, hapa hapachukuliwi kitu," akasema mwanamume aliyetutembeza. "Ardhi hii ilimeza watu."

"Si mimi ninayetaka," mama akajibu, akijishika tumbo. "Ni huyu."

Akala kidogo, akanilambisha, kilichobaki akakifunga pindoni mwa leso huku akicheka. Sikumsikia tena akicheka vile.

Mtoto alizaliwa, hakulia. Wanawake walipomzika nyuma ya nyumba, kwetu Ngomeni, mama alifungua lile fundo, akaumwaga udongo mwekundu juu ya mchanga wetu mweupe.

"Chako hiki, mwanangu."

Muuzaji ananiuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Namwambia anifungie kidogo tu.