Mkoromo wa Mama Généreuse

Katika miji mingi niliyopita, mtu anayekoroma ni kichekesho cha asubuhi. Nyabiondo, kwenye vilima vya Masisi, hakuna anayecheka. Miaka ya vita watu walilala porini makundi makundi, na mkoromo mmoja uliweza kuwaita wenye bunduki kutoka njiani. Kwa hiyo akina mama wa kundi la Mama Généreuse walikuwa na desturi yao: anayekoroma alifungiwa kifurushi mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, asiweze kulala chali. Akilala ubavu, koo hutulia.

Mama Généreuse, mkulima wa maharage, alikoroma tangu usichana. Kila walipokimbia, alijifunga kifurushi cha maharage ya mbegu. Kilimnyamazisha usiku, na kama shamba lingechomwa, alikuwa na cha kupanda.

Mwaka 2012 walikimbia kuelekea Walikale, wakajificha msituni. Wenye silaha waliwakuta usingizini, wakamchukua mdogo wake, Grégoire, awabebee mizigo. Hakurudi tena. Wengine walipokusanyika ng'ambo ya mto, jirani yao Byamungu alisema mbele ya wote kwamba yeye alikuwa macho, na alimsikia Généreuse akikoroma kabla tu ya watu wale kupanda kilima.

"Koo yako njo imemuuza," alimwambia.

Généreuse alijipapasa mgongoni. Kitenge kilikuwa bado kiunoni mwake, kitupu; alidhani maharage yalimwagika akikimbia. Siku ileile Béata, mke wa Byamungu, alimpa sahani ya maharage. Alikula akilia, akashukuru.

Walipokimbia tena, Généreuse aliambiwa alale peke yake, mbali, upande wa pili wa kijito. Na kila mwaka kanisani, siku ya kuwaombea waliopotea, Byamungu, ambaye alikuwa amefanywa shemasi, alisimama kusimulia usiku ule. Alipofika kwenye mkoromo, aliuigiza. Watoto, ambao hawakuvijua vita vile, walicheka. Généreuse alibaki benchi la nyuma, mikono imekunjwa.

"Niliombea mbuzi zake zikufe," aliniambia bila aibu. "Nikaombea na meno yake ioze. Mbuzi zilikufa. Meno, Mungu alisahau."

Lakini chini ya chuki ile palikuwa na swali lililomnyima amani: je, ni kweli koo lake ndilo lililomtoa Grégoire?

Vita vilipopoa kidogo, alipata kazi kwa Joséphine-Marie, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka la unga na chumvi pale Nyabiondo. Huko ndiko ilikoonekana, mchana, kwamba mkoromo wake ulikuwa ugonjwa. Alisinzia amekaa juu ya magunia, akasinzia amesimama.

"Weye unalala mbele ya muteja, na ni weye njo unamupimia unga!" Joséphine-Marie alimfokea. "Siku moja utalala ndani ya gunia, nitakuuzisha. Panda lori, twende Goma."

Kwenye zahanati ya binafsi mjini Goma, muuguzi Astrid alimvalisha kifaa kidogo: kamba kifuani, mrija chini ya pua, kibanio kidoleni. Kifaa hicho kinahesabu mara ambazo pumzi ya mtu inakatika usingizini. Asubuhi majibu yalitoka mazuri. Pumzi yake ilikuwa imetulia kama ya mtoto.

Habari ilimtangulia kijijini. Byamungu alimngoja njiani, akiwa na wenzake waendesha pikipiki.

"Karibu, Mama! Basi masini ya Goma imesema uko muzima. Njo kusema ile siku ulikoroma na roho mubaya tu?"

Wale wa pikipiki walicheka. Généreuse alipita, lakini hakulala kwa hasira. Na mchana aliendelea kusinzia, mpaka Joséphine-Marie akampeleka tena. Safari hii majibu yalikuwa ya kutisha: pumzi ilikatika, ikarudi kwa kishindo, ikakatika tena, karibu usiku mzima. Karatasi ya kwanza ilimnyima udhuru; ya pili ilimtia hatiani.

"Karatasi mbili, na zote zinanipiga mimi," alimwambia Astrid. "Moja inadanganya. Ni gani?"

Daktari alikuwa tayari amekagua kifaa, akakijaribu kwa mgonjwa mwingine. Hakikuwa na kasoro.

"Masini iko muzuri, Mama," Astrid alisema. "Fikiria. Ni nini ulifanya ile mara ya kwanza, na jana haukufanya?"

"Hakuna. Nilivaa hii kitenge, nikalala." Kisha akatazama mfuko mdogo juu ya meza ya Astrid. Alikuja nao mwenyewe siku iliyopita, maana huendi mikono mitupu kwa mtu aliyekuhudumia. "Maharage," alisema. "Ile mara nililala nayo mugongoni, ni habitude, desturi ya vita, nikilala mbali na nyumba. Jana nilikupatia weye zawadi."

Usiku uliofuata Astrid alimrudishia kifurushi. Majibu yakawa mazuri tena. Daktari alimweleza kwamba kwa watu wengine pumzi hukatika wakilala chali tu, hivyo karatasi zote zilikuwa za kweli. Alifurahi kumpa habari hiyo, akashangaa mgonjwa hafurahi.

Kwa mawazo Généreuse alikuwa msituni. Usiku ule wa 2012 alikuwa amekaza fundo kwa mikono yake. Alikuwa amelala na kifurushi, na akiwa na kifurushi hakoromi. Basi nani alimfungua? Na Béata alitoa wapi maharage ya kupika, wakati kila mtu alikimbia mikono mitupu?

Hakumwambia mtu. Alingoja siku ya kuwaombea waliopotea, akamwacha Byamungu asimulie, aigize, watoto wacheke. Ndipo akaomba nafasi ya ushuhuda.

"Mama Béata," alisema, "maharage ulinipatia ile siku ngambo ya mto, ilikuwa ya rangi gani?"

Béata aliinua kichwa. "Nyeusi. Yenye jicho nyeupe."

Vichwa viligeuka kumtazama Généreuse. Mbegu ile Nyabiondo alikuwa nayo mtu mmoja tu, yeye. Mama yake Généreuse ndiye aliyeileta kutoka kijiji cha Hombo.

"Bwana yangu aliniambia ameiokota njiani," Béata alisema polepole, akimgeukia mumewe.

"Batoto walikuwa na njaa," Byamungu alisema. "Alikuwa analala sana. Nilifungua tu kidogo."

"Ulinifungua," Généreuse alisema, "nikageuka, nikakoroma. Ukasikia. Ukanyamaza na maharage yangu mukononi."

Mchungaji aliwaita mbele wapeane mikono. Généreuse alikataa. "Mukono yake sitaki, Papa Pasta. Nataka kinywa yake. Kila mwaka asimame pale pale, aseme vile alifungua. Na jina ya Grégoire aitaje yeye."

Byamungu alianza kukataa.

"Utasema," mkewe alimwambia.

Tangu hapo anasema. Nilikuwepo mwaka mmoja. Alisimama, akasimulia mpaka akafika kwenye fundo la kitenge. Généreuse, ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo hulala bila kifurushi, alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, kinywa wazi. Akaanza kukoroma. Byamungu alisita, akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwamsha Mama. Ilimbidi shemasi apaze sauti ili asikike, na jina la Grégoire alilitamka kwa kupiga kelele.

Wengine wanasema Mama hujifanya. Nilipomuuliza, alicheka, akanionyesha meno yake yote, mazima.