Mwezi Tuliouona Kibugu

Nilikuwa na miaka kumi na sita baba aliponikana mbele ya wazee wa msikiti.

Alikuwa na bucha mjini Embu. Akienda kununua ng'ombe alinichukua, kwa sababu Kiembu changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani tulipanda hadi kijiji cha Kibugu kuangalia fahali wa mama mmoja mkulima wa majani chai. Jua lilizama tukiwa bado kwake. Tukafuturu kwa tende na maji tuliyobeba, tukaswali Magharibi pale pale kwenye nyasi. Yule mama, Mkristo, alitungoja tumalize, kisha akanyoosha kidole.

"Huo mwezi wenu si ndio ule?"

Ulikuwa wenyewe, mwembamba, umelala chali juu ya miti. Baba aliutazama akasoma dua. Kisha akanitaka niutazame vizuri mimi mwenyewe, nisiseme nimeuona kwa sababu tu yeye ameuona. Ndivyo alivyonilea. Alizoea kuniambia kwamba siku ya hesabu nitaulizwa macho yangu yaliona nini, sitaulizwa ya jirani.

Njiani, simu iliposhika mtandao, nikamsomea ujumbe uliokuwa umeingia kwenye kundi la msikiti: mwezi haujaonekana, kesho ni saumu. Akabadilisha gia. Nilidhani anafikiria tu barabara.

Tulipofika msikitini niliruka kutoka kwenye pikapu kabla hajaegesha. Maalim, imamu wetu, alikuwa barazani na wanakamati wawili. Nikamwambia tumeuona. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza nani mwingine aliuona. Nikasema baba, na yule mama wa Kibugu. Akasema ushahidi wa huyo mama hauhesabiki. Baba alikuwa anakuja, Maalim akamgeukia.

"Na wewe mzee, umeuona?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Niliona kitu, Maalim. Nafikiri kilikuwa wingu. Huyu bado ni mtoto."

Mmoja wa wanakamati alicheka kidogo. Maalim akanionya kwamba kusema uongo katika Ramadhani ni kuharibu saumu ya mwezi mzima, na aliyasema hayo kwa upole ulioniumiza kuliko kukaripiwa. Nilimngoja baba aseme neno. Akavua viatu, akaingia kuswali.

Kesho yake nilifunga. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba labda kweli lilikuwa wingu, na sijui kama nimewahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia siku hiyo, nikiwa siwezi kuyaamini hata macho yangu. Adhuhuri mama akanituma bucha kuchukua kisu kilichohitaji kunolewa. Nikapitia mlango wa nyuma. Baba alikuwa ameketi nyuma ya friji, kikombe cha chai mkononi, na mkate ulioliwa nusu juu ya goti.

Hakushtuka. Nikamwuliza kama si yeye aliyesema lilikuwa wingu.

"Aliyeuona mwezi hafungi siku ya Idi," akasema. "Hiyo ni sheria. Lakini hatuwezi kugawanya watu kwa macho ya watu wawili. Hiyo pia ni sheria."

"Na mimi niliyefunga?"

Alinisogezea kikombe. Nilichukua kisu, nikaondoka.

Mwaka uliofuata aliingizwa kwenye kamati. Mimi, wasichana wenzangu wa madrasa waliniita shahidi wa mawingu hadi nilipomaliza shule.

Baadaye nilisoma mwenyewe, na nikakuta alikuwa na msingi: wako wanazuoni wanaosema anayeuona mwezi peke yake ale kwa siri na asiwavuruge wengine. Sina ugomvi na hilo. Angeweza kumwambia Maalim kwamba tuliuona, lakini tutafuata tangazo. Au angeniambia mimi, tukiwa wawili tu ndani ya pikapu. Aliyaamini macho yake, akaniacha mimi niyatilie shaka yangu.

Sasa nafanya kazi katika ofisi moja hapa mjini, na bado tunakula Idi pamoja. Mwaka jana, baada ya chakula, nilimwuliza kuhusu siku ile.

"Nilidhani ulishasahau," akasema.

Nikamwambia sijasahau. Alitikisa kichwa polepole, kisha akaanza kueleza jinsi siku hizi ilivyo vigumu kupata fahali mzuri kule juu. Nilikusanya sahani, nikaenda kumsaidia mama kuosha vyombo.