Mjalidi Aliyekula Kazini

Katika karakana ile ya kujalidi vitabu amri ilikuwa moja, na aliyeitunga ni baba mwenye karakana: chakula hakivuki kizingiti. Tone la mafuta likishaiangukia karatasi, halina toba. Binti yake, mjalidi hodari wa miaka ishirini na sita, aliishika amri hiyo tangu utotoni. Akala alfajiri nyumbani, kisha usiku.

Alizaliwa na saistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yafanyayo majimaji ya mwili kuwa mazito mithili ya gundi. Mapafu alikwisha zoea kuyapigania. Sasa maradhi yakaifikia nyongo, yule mkalia ini. Vijia vyake vikaziba, ini likaanza kukakamaa. Daktari akampa vidonge vya asidi ya nyongo, ili nyongo iwe nyepesi ipite.

"Havimfai kila mtu," alimwonya. "Tuvijaribu mwaka mmoja. Visipokufaa, itatubidi tuzungumze habari ya kupandikizwa ini jingine."

Miezi sita ikapita, vipimo vya ini vikazidi kupanda badala ya kushuka. Mwili ukamwasha hata akajikuna kwa kifupa cha kukunjia karatasi.

Muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima asiyemwogopa mtu, akamuuliza, "Mwanangu, vidonge hivi wavimeza wapi?"

"Kazini, vyote vitatu. Saa ya ukutani ndiyo inayonikumbusha."

"Na chakula gani?"

"Na maji."

"Maji? Hivi huenda na chakula, tena cha mafuta. Mbona huli?"

"Kwa baba hakuliwi kazini."

"Basi niletee huyo baba."

Baba akaenda, akaelezwa yote. Kesho yake akaisafisha meza ya dirishani, iliyotengwa kwa kazi za nakshi ya dhahabu, akaweka juu yake mayai ya kukaanga yanayong'aa.

"Baba, mafuta hayo."

"Nayaona, sina upofu."

"Na vitabu je?"

"Vitabu vina majalada. Wewe una jalada gani? Kula."

Binti akameza kwanza vidonge vyake vya siku zote vya kumeng'enyea mafuta, kisha vile vya nyongo, akala. Baba, asije bintiye akaona haya kula peke yake, akala naye siku zote. Wateja wakamtania: "Dawa ya binti, kitambi cha baba."

Mwaka ulipotimia, daktari alizisoma karatasi mara mbili. Vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka karibu na vya mtu mzima wa afya. Uzito umeongezeka kilo nne, na kujikuna kumekwisha.

"Sisemi umepona," alisema, "maradhi yenyewe unayo. Lakini ile habari ya kupandikiza, leo naifunga."

Baba akainamisha kichwa, akamhimidi Mola kwa sauti iliyosikika hadi ukumbini.

Waliporudi walikuta wateja watatu mlangoni, mmoja wao hakimu aliyezoea kungojwa.

"Nina haraka, binti," alisema hakimu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Subiri kidogo, tule kwanza."

Hakimu akasubiri.