Lipenga la Damas Redioni

Jumapili moja niliteremka kutoka Matiri mpaka Ngumbo na mzigo wa mahindi, kubadilishana na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kama tulivyozoea watu wa milimani. Nilikuwa kiongozi wa kwaya ya misheni. Nilijua misa ya Kilatini kwa sauti nne, nilijua kupiga kinanda cha kanisani, na kwa mambo ya muziki nilijiona sina wa kunifundisha. Ufukweni nikakuta wanaume wa kaptula nyeupe wamejipanga safu mbili, wanacheza mganda.

Mganda huchezwa kwa mwendo wa kwata. Kuna ngoma kubwa moja, na kuna malipenga, yaani vibuyu virefu vya kupuliza vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ili sauti ya mtu itoke inanguruma. Lipenga la mbele huita peke yake, mengine huitikia. Siku ile ngoma ilinyamaza katikati ya wimbo. Hakuna aliyeita. Wanaume waliendelea kuinua miguu na kuishusha polepole mchangani, kimya. Nikadhani wimbo umekwisha, nikapiga makofi peke yangu.

Walinitazama wote. Ngoma ilipokwisha, kijana mmoja wa safu ya mbele akanijia.

"Wewe ni wa juu?"

"Natoka Matiri."

"Basi nimekusamehe. Mwitaji wetu alikuwa mjomba wangu, tumemzika juzi. Mwitaji akifa, ngoma ya kwanza tunamwachia nafasi yake, urefu uleule. Tunamsubiri amalize, ndipo tunamwitikia. Ni mara moja tu. Ngoma ya pili anaita mwingine."

Huyo mwingine alikuwa yeye, Damas, na lipenga la mjomba wake tayari lilikuwa mkononi. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza habari za kwaya kwa maringo.

"Nimewahi kuwaona," akasema. "Mnaimba mmesimama kama migomba. Muziki gani huo, mtu hata hatoki jasho?"

Urafiki wetu ulianzia hapo.

Vita vilipokuja tulijiandikisha pamoja Songea, kwa sababu walizokuwa nazo vijana wengi wakati ule, yaani hakuna hata moja ya maana. Tulivuka bahari tukitapika, tukafika kwenye bonde moja la misitu huko Burma. Damas alipelekwa kwenye kombania ya bunduki. Mimi, kwa kuwa nilijua kusoma noti, nilipelekwa kwenye gari la redio. Lilikuwa lori lenye mitambo, gramafoni na maikrofoni. Kila kombania ilikuwa na redio yake ya kutupokea, na jioni askari walikusanyika kusikiliza kipindi chetu.

Nalisema hili bila haya: walichosikia askari wetu katika bonde lile kila jioni, nilikipanga mimi. Tulianza na okestra ya Ulaya, kisha dansi, mwisho salamu za nyumbani. Nilijifunza kwamba mtu aliyetoka kuchimba handaki mvuani huikubali okestra ukimpa taratibu, fidla kwanza, matarumbeta baadaye. Nilijifunza pia kwamba rumba haiwekwi mara tu baada ya wimbo wa kanisani, maana utamtegua mtu roho kama anavyoteguka mguu. Wakamba, Wayao, Wahehe, wote walikuwa wakinisimamisha njiani: "Wewe wa redio, ile ya fidla iweke tena." Nilitembea kifua mbele.

Mkuu wa gari alikuwa kapteni wa Kiingereza, mtu mpole, aliyezipenda santuri zake kuliko chakula chake. Alikuwa na amri moja tu isiyojadiliwa. Redio isinyamaze. Ikinyamaza hata kidogo, walioko mbele watadhani gari limepigwa, na moyo wao utavunjika.

Kombania ya Damas ilipopumzishwa, alikuja garini na lipenga lake.

"Mwalimu," akaniambia, "Wazungu waliokufa zamani umewapa nafasi. Wa rumba umewapa nafasi. Sisi wa ziwani tumekosa nini?"

Nilimpelekea kapteni maneno hayo. Akatikisa kichwa. Ngoma ni ya uwanjani, akasema, redioni tunapiga muziki. Nikamwomba asikilize mara moja tu, kisha aamue.

Damas alileta wenzake watatu wa pwani ya Nyasa. Malipenga yao waliyatengeneza kwa mianzi, ngoma wakaiwamba kwenye pipa la mafuta. Utando wa buibui Damas aliusaka mwenyewe msituni, akanitania kwamba buibui wa Burma ni wavivu kama wanakwaya. Wakapiga. Kapteni alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Tena," akasema.

Wakapiga tena.

"Sawa. Iwe ya mwisho, baada ya rumba."

"Hapana, afande," nikasema. "Ikae mara baada ya okestra."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zote mbili ni za sauti nyingi zinazoitana. Masikio yatakuwa bado yako wazi."

Akacheka, akakubali. Nimepata sifa nyingine maishani, lakini hakuna iliyonikaa moyoni kama kicheko kile. Tangu hapo, kila mara kombania ya Damas iliporudi kupumzika, mganda wa Ngumbo ulikwenda hewani ukikanyaga nyuma ya fidla za Ulaya, na haukuonekana mdogo.

Mvua zilipopungua tulisogea mpaka mtoni. Gari letu lilifichwa kwenye mianzi, kombania ya Damas ikalinda ukingo. Asubuhi alipita kuniachia lipenga. Utando ulikuwa umelowa.

"Lianike," akasema. "Jioni naita nalo."

Mabomu yalianza kuanguka mchana.

La kwanza lilianguka majini. La pili likaanguka kwenye mianzi.

Nililala chini ya lori, mdomo umejaa udongo. Kati ya magurudumu niliona ukingo, na nilimwona Damas. Alikuwa anaburuta mtu kwa mabega. Akamfikisha kwenye handaki, akarudi.

Akaleta wa pili.

Akarudi tena.

Moshi ulipotoka, pale aliposimama palikuwa na shimo.

Tulimzika siku ileile, karibu na maji. Gari halikudhurika, na kapteni akasema kipindi kitakwenda kama kawaida, kwa sababu walioko mbele wanahitaji kusikia kwamba tupo. Wale watatu wa ziwani wakaja garini, nguo zao bado zina matope ya kaburi. Mkubwa wao, koplo kutoka pwani ileile, akaniambia neno moja tu: "Leo."

Nilielewa. Nilielewa pia amri ya kapteni. Kama ningemwomba, angekataa, na angekuwa na haki. Sikumwomba.

Nikaweka okestra. Nilichagua ile ya fidla peke yake, iliyo ndefu na ya taratibu. Ikaisha. Ngoma ya pipa ikaanza, miguu ikakanyaga ardhi mbele ya maikrofoni. Tukafika mahali pa mwito.

Ngoma ikanyamaza.

Kapteni aliruka kwenye mitambo. Akagusa swichi hii na ile, uso umebadilika rangi. Nikamshika mkono, jambo ambalo askari mweusi hakulifanya kwa ofisa wakati ule.

"Mashine ni nzima, afande," nikamnong'oneza. "Anaita Damas."

Alitazama lipenga lililoanikwa juu ya sanduku la santuri. Mkono wake ukashuka. Wale watatu waliinua miguu na kuishusha bila sauti, machozi yanawatiririka, mpaka urefu wa mwito ulipotimia. Ndipo malipenga ya mianzi yakaitikia.

Baadaye nilisikia kwamba mbele kule wengi walidhani tumepigwa, na wengine wakaanza kutuombea. Lakini watu wa ziwani walisimama wima kwenye mahandaki, wakawaambia wenzao wanyamaze. Kapteni hakuniandikia kosa. Kesho yake aliniuliza mwito ule ulisema nini. Nilimweleza kwamba unawauliza walio nyuma kama bado wapo.

Vita vilipokwisha sikwenda Matiri kwanza. Nilishuka Ngumbo na lile lipenga. Mama yake Damas alikuwa anaanika usipa kwenye kichanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliliona lipenga kabla hajaniona uso. Habari za kifo alishapewa na serikali, kwa maneno machache. Alilipokea, akaketi nalo mchangani.

Nikamsimulia yote, na nilisimulia kwa fahari. Nikamwambia jinsi mganda wao ulivyokaa sambamba na muziki wa Ulaya, na jinsi watu wa makabila yote walivyomjua mwanawe kwa lipenga. Nikamwambia tulivyomwachia nafasi yake redioni, na bonde zima likamsubiri.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmekwisha kumwachia," akasema.

Hapo ndipo nilipotambua. Nafasi ile hutolewa mara moja tu. Tuliitoa ng'ambo ya bahari, mbele ya watu maelfu, na mama yake hakuwapo. Hapa ufukweni, ngoma ya kwanza ingeitwa na mtu mwingine. Hakunilaumu. Nami hata leo, mzee niliyepanga muziki wa redio miaka mingi baada ya hapo, sioni aibu kwa tulichofanya. Naona fahari. Lakini fahari ile ilikuwa na mwenyewe, mama yake, na sisi tuliitumia kabla hajaiona.

"Huo mwito ulikuwa mrefu kiasi gani?" akauliza.

Nikaketi karibu naye. Tukanyamaza. Kidole changu kilihesabu mapigo mchangani, na yeye alilikumbatia lipenga huku akitazama kidole kile. Kiliposimama, naye akajua.

"Haya, amemaliza," akasema. "Mwitikie."

Sikuwa mtu wa mganda. Nilisimama, nikaanza kukanyaga mchanga, nikaitikia kwa sauti yangu ya kwaya mpaka jasho likanitoka.