Ndiyo Nyingi Mbele ya Metroni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijakaa sawa kichwani mwangu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mie nilikuwa msichana mbichi kutoka Masasi, nakaa kwa mjomba wangu Temeke. Baba alikwisha fariki, na mama alibaki kule na wadogo zangu, akingoja nipate kazi niwavute. Tukasikia hospitali ya jirani inatafuta wahudumu wa wodi. Nikaitwa kwenye usaili.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mjomba akaniweka kitako. Alikuwa karani tangu enzi za wakoloni, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno machache.

"Wakubwa hawapendi ubishi," akaniambia. "Wakikuuliza, itikia. Sema ndiyo, inamisha kichwa, basi."

Nikalishika. Si wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

Asubuhi nikaingia chumbani nikawakuta watatu nyuma ya meza: daktari, katibu wa tawi la chama, na metroni, mkuu wa wauguzi, mama mnene mwenye kofia nyeupe. Nikaamkia shikamoo zote tatu. Nikaificha mikono ndani ya khanga.

"Umewahi kumuuguza mtu?" daktari akauliza.

"Ndiyo." Hapo nilisema kweli, maana bibi yangu alifia mikononi mwangu.

"Unajua kusoma kipimajoto?"

Neno lenyewe ndiyo kwanza nalisikia. "Ndiyo."

"Zamu za usiku utaziweza?"

"Ndiyo."

Katibu akajiweka sawa kitini. "Ndugu, kazi hii unaitaka kwa ajili ya kulitumikia taifa, au kwa ajili ya mshahara?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. "Ndiyo ipi?" katibu akauliza.

"Zote, ndugu."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mie sikujua kinachochekesha ni nini. Nilifuata la mkubwa neno kwa neno, mbona mambo yanaharibika? Niseme ndiyo zaidi? Ninyamaze?

Metroni peke yake hakucheka.

"Binti, nitazame," akasema. "Mama mmoja amekaa na mwanawe mgonjwa. Akakuuliza, huyu atapona? Nawe hujui. Utamwambia ndiyo?"

Nikifungua mdomo nikasema ndiyo, nimemdanganya mwenye uchungu. Nikisema hapana, nimemkatia tamaa, tena nimekiuka la mjomba. Machozi yakaanza kunilengalenga.

"Sijui, mama," nikasema. "Wallahi sijui."

"Hilo ndilo neno la kwanza ulilosema mwenyewe tangu uingie humu." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini ilinichoma. "Haya, na kipimajoto je?"

"Sikijui. Ndiyo kwanza nasikia jina lake."

"Binti, hapa tunatoa dawa. Mtu akiitikia asichokijua, mwingine anazikwa."

Wakaniambia nitoke. Nilirudi nyumbani kama aliyepigwa na jua. Mjomba aliposikia, akaja juu: "Umesema hujui mbele ya daktari? Umejikosesha kazi mwenyewe!" Wakubwa wawili, kila mmoja na lake. Mie wa kumfuata nani?

Siku ya tatu mhudumu mmoja akaja kuniita, nikaanze kazi. Ilikuwa ni kwa ule ukweli, au metroni alinionea huruma tu? Hakuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza, mpaka Mungu akamchukua.

Usimcheke mjomba wangu, mwanangu. Alifundwa na zama ambazo mtu mweusi akiuliza swali alifukuzwa, na ndiyo yake ilitulisha sote mle nyumbani. Alinipa alichokuwa nacho. Ila zama zilikuwa zimegeuka, na shingo zetu zilizozoea kuinama zilikuwa hazijapata habari.

Basi nawe unayejiandaa kuingia kwenye chumba cha namna ile, lishike langu hili. Wasikilize wakubwa wako, lakini ukifika mbele ya swali, lijibu hilo swali, si uso wa aliyeuliza. Unachokijua kiseme bila kujikweza. Usichokijua sema hukijui, kisha omba ufundishwe. Kuuliza si ujinga. Na ukichanganyikiwa usione aibu. Waliochanganyikiwa wakakiri hufundishika. Wanaojifanya wameelewa ndio wanaotuumizia wagonjwa.

Nenda, mwanangu. Mola akutangulie kwenye kila mlango utakaobisha, akupe ulimi mkweli na moyo mtulivu, na kazi ya mikono yako iwe shifaa na nafuu kwa watu. Amina.